Uji wa Mzee Eusebi na Ubao wa Niuzi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wasomaji wa jarida letu la ghala, na kwa wenzetu Waislamu, asalaam aleikum. Hamjambo huko mliko, mliobaki kazini na mliokwisha kurudi mashambani? Sisi huku Songea tunaendelea kwa neema ya Mungu, ila mioyo ni mizito. Tarehe 30 Juni, 1996, Mzee Eusebi Luambano, tarishi wetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa. Anahama Mjimwema, anarudi kwao Hanga, peke yake. Mwanawe wa pekee, Ignas, alikwenda Tunduru kuchimba madini mwaka juzi, tulipokwisha kumzika mama yake, na hadi leo hajulikani alipo. Hilo ndilo linalomfanya mzee afungashe polepole.

Alianza kazi akiwa kijana wa kufagia vumbi la tumbaku. Meneja wa wakati ule, mpenda Kiingereza, alipaka neno NEWS, yaani habari, kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa getini, akamkabidhi Eusebi chaki. Kwa meneja, neno hilo lilikuwa bei ya tumbaku na wageni kutoka Dar es Salaam. Sisi wa meza ya kuchambua majani tulilitamka niuzi, tukalitumia tulivyojua wenyewe. Asubuhi tuliulizana, "Kuna niuzi gani?" Nani kajifungua, basi gani limekwama njia ya Tunduru, padri yupi kahamishwa. Ukimkuta mtu kanuna, ulisema huyo ana niuzi.

Lakini ipo niuzi, ile ya msiba, ambayo Mzee Eusebi hakuiandika kamwe kabla mfiwa mwenyewe hajaambiwa. Sababu ni mwenzetu Joachim. Alikuwa anafunga marobota, redio ya ofisi inasoma matangazo ya vifo, akasikia jina la mama yake. Alianguka pale pale juu ya tumbaku. Tangu siku ile Mzee alijitwika kazi ambayo hakuna bosi aliyemtuma. Telegramu ya msiba ikifika posta, alikuja nayo mfukoni, akakuita kwenye benchi lake la getini. "Kaa, mwanangu. Mama anaumwa kidogo. Kunywa kwanza uji." Alisema msiba hauingizwi kwenye tumbo tupu. Ukimaliza kikombe ndipo anakwambia, kisha anakusindikiza hadi stendi, mzigo wako kaubeba yeye.

Basi uji wake ukaogopwa! Siku moja alipika mwingi kupita kiasi, akamkaribisha Hamisi wa mizani. Hamisi alikimbia akalizunguka ghala zima. "Mzee, sinywi! Mama yangu nimemwacha nyumbani anapepeta mahindi!" Mzee alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Hadi leo Hamisi akipita, tunamuuliza kama ameshakunywa uji.

Mwaka 1994 mkewe, Mama Lukresia, alifariki hospitalini. Habari ilitufikia Mzee akiwa posta. Nani amwambie? Tulisukumana, mwishowe tukaenda mimi na Hamisi. Tukamkalisha kwenye benchi lake mwenyewe. Hamisi akampa kikombe. Mzee aliutazama uji, akatutazama sisi. Aliunywa wote, taratibu, akaweka kikombe chini. "Asanteni, wanangu. Haya, semeni." Mimi nilifanya ishara ya msalaba tu.

Mwaka jana ghala liliponunuliwa na watu binafsi, majina ya waliopunguzwa yalibandikwa ubaoni chini ya neno lile lile NEWS, Ijumaa, sisi tumekwisha kuondoka. Jumatatu tulimkuta Mzee Eusebi nje ya geti, ana debe zima la uji aliopika kwa unga wake. Hakumzuia mtu kwenda kusoma. Alisema tu, "Kaeni, wanangu, mnywe kwanza." Tukajua. Benchi halikutosha; watu walikaa kwenye mawe na kwenye nyasi, wakanywa huku wanalia. Tangu hapo, ukisikia mtu kapata niuzi, ujue kapoteza kazi. Zile za vichanga na mapadri zimesahaulika.

Juzi Hamisi alimtania, "Mzee, sufuria lako unamwachia nani?" Akajibu, "Lichukueni. Ila nawaomba jambo moja." Anaomba habari ya Ignas, iwe njema iwe mbaya, isimkute peke yake mbele ya redio.

Mzee wetu, asante kwa kila kikombe. Mwenyezi Mungu akujalie siku za utulivu Hanga, kengele ya watawa wa huko ikuamshe ukiwa mzima, na mahindi yako yakubali.

Na ninyi mlioko Tunduru: Ignas ni kijana mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Kama mmemwona yu mzima, andikeni, nitapeleka maneno yenu Hanga mimi mwenyewe. Kama ni ile habari nyingine, msiiandike, wala msiipeleke redioni. Njooni getini, mniulizie mimi Benigna, twende kwake pamoja. Sufuria ninalo, na unga upo.

Tafadhali, tujibuni mapema.