Mzee Mutale Zéphirin na Bunduki Iliyokataa Kulia

Ndugu, jamaa, majirani wa avenue yetu, nanyi mliotoka Kasenga juu ya malori ya samaki, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imeniomba nisome maisha ya baba mkwe wangu, kwa sababu miezi yake ya mwisho ni mimi niliyekuwa naye nyumbani. Nitaanza na lile neno ambalo karibu kila mtu hapa amelisikia. Tukilificha litakaa kati yetu mpaka matanga yaishe.

Mwaka jana, kwenye bomba la maji, jirani yetu Mama Syntiche alisema mbele ya ndoo zote: «Weye, hamusikie? Kila siku chwa, chwa, chwa! Ule muzee iko natengeneza bunduki ya bale banataka kufukuza benzabo. Muntu mukubwa vile, anakata chuma ya nini?»

Mwingine akajibu, «Labda anatengeneza kijiko.»

«Kijiko gani inakamata mwaka muzima? Anapika na shetani?»

Wanawake walicheka. Nilikuwa na mtoto wangu Glodie mgongoni, nikajaza ndoo yangu nikapita. Neno lile lilikuwa nusu kweli. Mzee alikuwa anakata chuma cha bunduki, ndiyo. Lakini bunduki ilikuwa moja tu, ya marehemu babu yake, na haikuwa ya kumpiga mtu.

Marehemu Mutale Zéphirin alizaliwa Kasenga, kando ya Luapula, tarehe 12 Machi 1931. Baba yake alikuwa mvuvi. Alipewa jina la babu yake mzaa baba, Mutale, mwindaji wa viboko waliokuwa wanapindua mitumbwi ya watu. Ninyi wa kule mnajua, lakini wa hapa mjini wengine hawajui: katika ukoo huu jina na bunduki vinatembea pamoja. Mjukuu anayepewa jina la mwindaji ndiye anayeachiwa bunduki yake, na siku mwindaji anapozikwa, ni mjukuu huyo anayepaswa kuiliza bunduki kaburini. Ikilia, wazee wanasema mzee amefika. Isipolia, wanasema bado yuko njiani.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadre wa Kasenga, akabatizwa huko na kuitwa Zéphirin. Mwaka 1947 alipanda lori kuja Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa zamani, akaingia shule ya ufundi. Alitoka mwaka 1951 akiwa ajusteur, yaani fundi anayesugua chuma kwa tupa mpaka kiingie mahali pake bila kucheza. Alipenda kutuambia kwamba mwalimu wao alikuwa anapaka kipande rangi ya bluu, anakigandamiza juu ya chuma kilichonyooka, na palipobaki bluu palikuwa pabovu. «Nilifikiri nitaona bluu mpaka mbinguni,» alisema.

Tarehe 3 Septemba 1951 alianza kazi katika karakana ya kampuni moja ya mgodi hapa mjini. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vipande vya mashine za zamani, vile ambavyo Ulaya hawakuvituma tena. Alifanya kazi hiyo mpaka karakana ilipofungwa mwaka 1992. Mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa na serikali, kwenye kadi ya kazi alibaki Mutale peke yake.

Alifunga ndoa na mama yetu Martine tarehe 8 Januari 1955 katika parokia ya Kamalondo. Mama alikuwa msichana wa kushona, na mashine yake ya cherehani ilikuwa imevunjika kichuma cha ndani. Kijana Zéphirin akakitengeneza. Baada ya juma moja kikavunjika. Akatengeneza tena. Kikavunjika tena. Juzi, tulipokuwa tumekaa kwenye mikeka, mama alisema akilia na kucheka pamoja: «Ile mashine ilikuwa inapona na kugonjwa sawa muntu ya malaria. Siku ya ndoa njo aliniambia alikuwa anatia chuma laini sawa mupira makusudi, ju arudie kwetu.» Tangu ndoa ile mashine haikuvunjika hata mara moja.

Babu Mutale alifariki Kasenga mwaka 1958. Mjukuu mwenye jina alipanda lori kwenda. Mbele ya kaburi lililo wazi aliinua bunduki, akavuta. Ikasema ta, kama mtu anayegonga jino. Akavuta tena, ta. Kile kichuma chembamba cha ndani kinachopiga nyuma ya risasi, mafundi wanakiita percuteur, kilikuwa kimekwisha. Watu walingoja. Jua likapanda. Mwishowe wakafukia kaburi bila mlio, na kaka wa baba yake, Mzee Adalbert, akasema maneno ambayo marehemu wetu aliyarudia mpaka mwisho: «Muzee iko njiani, na weye njo ulimuacha njiani.» Pale pale, mkono juu ya udongo, marehemu aliahidi kwamba kabla hajafa atarudi kuiliza bunduki ile kwenye kaburi lile.

Ahadi hiyo ndiyo iliyokula maisha yake. Padre mmoja alimsaidia kuandika Ulaya, na jibu likaja kwamba kiwanda kilichotengeneza bunduki za namna ile kilikuwa kimekwisha kufunga, vipande vilivyobaki vimeyeyushwa. Basi akaamua kukifanya kichuma kile mwenyewe. Vita vya miaka ile ya uhuru vikapita, barabara zikafungwa na kufunguliwa. Mwaka 1966 alikwenda Kasenga na percuteur mpya, inayong'aa. Ukoo wote ulifuata mpaka makaburini. Ikasema ta.

Mzee Adalbert akauliza, «Ee fundi ya muji, bunduki yako inakohoa? Umupe dawa!» Vijana wakaanguka chini kwa kucheka. Marehemu aliifunga bunduki katika blanketi, akatembea mpaka barabarani bila kula.

Hakuelewa kosa lake kwa miaka ishirini. Mwaka 1986 mshahara ulikuwa hautoshi tena, na yeye na mama wakaanza kwenda Pweto kununua samaki wakavu. Huko alikutana na mzee aitwaye Kiluba mwenye bunduki pacha wa ile, ndugu yake kabisa. Mzee yule hakutaka kuuza hata msumari wake, lakini alikubali kuifungua ili marehemu apime. Percuteur ya Pweto ilikuwa ndefu kupita yake kwa upana wa ukucha. Hapo akajua. Babu Mutale, katika uzee wake, alikuwa amekisugua kile kichuma kwa tupa yake mwenyewe kila ncha ilipoharibika, kikapungua na kupungua. Na mjukuu alikuwa amenakili kichuma cha babu jinsi kilivyo, pamoja na upungufu wake. Mama alimuuliza, «Weye fundi, haukuona ni kifupi?» Akajibu, «Niliona alama ya tupa ya muzee. Nilisema, mimi nani wa kurekebisha mukono wa babu?»

Akaanza upya, akitafuta chuma kinachofaa, akifanya polepole saa za mapumziko pale karakana. Sitasema alikuwa na furaha, ila mume wangu David anakumbuka kwamba katika miaka ile baba yake alikuwa anapiga mluzi. Oktoba 1991 kipande kilikuwa tayari. Alikiacha katika droo yake ya kazi kimefungwa katika kitambaa chenye mafuta, na lori la kwenda Kasenga lilikuwa limekwisha kupatikana, kwa sikukuu ya marehemu wote.

Wote mnakumbuka Oktoba ile. Askari walianza kupora, watu wakafuata, na mji ukabebwa vichwani: friji, milango, magodoro, mabati. Karakana nayo ilibebwa. Walichukua mashine, wakachukua meza, wakachukua droo. Marehemu alipofika alikuta sakafu tu, na alama nyeupe pale meza yake ilipokuwa.

Majuma yaliyofuata alikuwa anakwenda soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, pale wanapotandaza vyuma chini kwenye magunia, misumari, boliti, vitasa vya milango ya watu. Alikuwa anapiga magoti na kupekua. Nilimfuata siku moja nikiwa na chakula chake. Kijana muuzaji alimwambia, «Tata, unatafuta nini? Unanichafulia bintu.»

«Kakintu kadogo, sawa kidole ya mutoto.»

«Apa bintu yote ni kadogo, Tata. Kakintu ya nini?»

Mzee akasema, «Ya kufikisha muntu.»

Kijana akasogeza gunia lake ili apekue vizuri. Hakukipata siku hiyo, wala siku nyingine.

Mwaka 1992 karakana ilifungwa. Huo ndio mwaka watu walipoanza kufukuzana kwa sababu ya kabila, na stesheni ikajaa familia zilizolala juu ya mizigo yao. Marehemu alikaa chini ya upenu wa nyumba, na tupa moja na kipande cha chuma, akaanza mara ya tatu, bila mashine. Macho yalikuwa yamepungua. Alikuwa anapima kwa ulimi na ukucha. Sauti ile ya chwa, chwa ndiyo iliyofika bombani.

Hatujui neno lilitoka bombani likaenda wapi, na familia haimshitaki mtu. Tarehe 14 Juni 1993 walikuja watu wenye silaha, hawakusema wametumwa na nani. Waliuliza bunduki ziko wapi. Marehemu akawaletea ile moja, kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta mtoto. Mkubwa wao aliivuta, ikasema ta. Wakacheka: «Hii si bunduki, ni mupini ya jembe.» Wakaiacha. Kichuma kilichokuwa bado hakijaisha wakakitupa katika choo. Kisha, ili wasiondoke bila kufanya kitu, walimwekea mkono wa kuume juu ya jiwe la kufulia na kuupiga kwa kitako cha bunduki zao. Mama Syntiche ndiye aliyetoka wa kwanza kupiga kelele. Jioni alileta bukari, ugali wetu, na mboga, akasimama mlangoni na sahani. Mama Martine aliipokea ile sahani. Ninalisema hilo pia, kwa sababu nalo ni kweli.

Vidole vilipona vikiwa vimepinda. Hakuweza tena kushika tupa. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, akaacha. Presha ya damu ilimpanda, miguu ikavimba, na kila siku aligeuzia chakula mgongo kidogo zaidi. Hospitali tulipeleka sindano zetu, shuka letu, taa yetu. Daktari alifanya alichoweza kwa mikono mitupu. Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 19 Aprili 1994, akiwa na miaka sitini na mitatu. Hakurudi Kasenga. Hata leo hatukupata mafuta ya lori la kumfikisha huko, ndiyo maana analala hapa, mbali na babu yake. Bunduki iko chini ya kitanda. Hakuna itakayolia juu ya kaburi hili, nanyi wazee mlioitegea masikio, mtusamehe.

Ameacha mjane, mama Martine, watoto wake Stanislas, aliye ng'ambo Zambia na hakupata njia ya kufika, Casimir, na David, bwana wangu, wakwe zake, wajukuu, wa mwisho wao ni Glodie, wadogo zake wa Kasenga, na majirani aliowatengenezea vitasa na majiko bila kuwaomba kitu. Mungu anayejua vipimo vyote ampokee jinsi alivyo, ampe kupumzika mikono.

Kabla sijakaa, nina neno nililotumwa. Mnaona hali yangu, mimba imeingia mwezi wa saba. Siku chache kabla ya kufa marehemu aliniita. Nilikaa mlangoni, uso nimeugeuza kama inavyompasa mke wa mtoto mbele ya baba mkwe.

«Mama Glodie, hapana kule. Apa karibu. Leo tuache haya.»

«Tata, niko.»

«Kama ile tumbo ni mwanaume, bazee batakuya na heshima. Batasema ni Mutale. David atakubali, Casimir atakubali. Weye njo mama. Weye njo utakataa.»

«Nitakataa na kinywa gani, Tata? Bataniita mukwe mubaya.»

«Baite. Itapita. Mimi balinipa ile jina niko mutoto ya siku chache, sikujua iko na bunduki ndani. Nilibeba kila siku. Babu angali njiani, na mimi naenda kumukuta pale. Mama, usitume mutoto kutufuata. Mupe jina ya baba yako, mupe ya mutakatifu, mupe ya muntu mwenye alikufa akafika. Yangu muizike na mimi. Nakuomba.»