Abdulazizi Kashika Mwiko

Kibiti ya miaka ile ya ruksa, sukari na unga wa ngano viliporudi madukani, watu waliozoea kupiga soga kwenye foleni walijikuta hawana foleni. Wakahamia kijiweni. Kijiwe chenyewe kilikuwa gogo moja la mkoko mbele ya banda la fundi wa tairi, kando ya barabara kuu. Gogo hilo lilitoka Mbwera kwa mtumbwi ili likajenge nyumba ya mtu, likaishia kubeba makalio ya wasio na kazi. Saadi alikuwa na sehemu yake pale, imelainika kama kiti cha ofisini. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, mpaka mitumba ilipoingia mjini na wateja wakamtoka mmoja mmoja, wamevaa suruali za Wazungu waliowazidi kiuno. Asubuhi hiyo alikuwa ndiyo kwanza apokee kikombe cha kahawa kutoka kwa Mfaume, muuza kahawa wa kijiwe, alipotupa macho ng'ambo ya barabara, nyumbani kwa shemeji yake Abdulazizi, dereva wa lori. Kikombe kikagoma kufika mdomoni. Mdogo wake Swaumu, mke wa Abdulazizi, alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, miguu kainyoosha, mikono mitupu. Hata ukindu wa kusuka hakushika. Na uani moshi unapanda.

— Jamani, moshi ule ni wa nani, kama mwenye jiko yuko barazani? aliuliza Mwinyimvua.

Huyu kijiwe kizima kilimwita Redio, kwa kuwa habari za Kibiti zilimpitia yeye kwanza, na nyingine zilizaliwa kwake.

— Pengine wana mgeni, alisema Saadi.

— Mgeni apike, mwenyeji anyooshe miguu? Ngoja.

Redio akaondoka. Wakamwona anamfukuza kuku asiyekuwepo kuzunguka ua wa makuti wa Abdulazizi, "shii, shii", huku jicho kalibandika kwenye tundu. Alirudi anahema.

— Ni Abdulazizi mwenyewe! Kajifunga kanga kiunoni, unga mpaka viwiko. Samaki anachomwa huku, nazi imekunwa kule, na sufuria moja kaiwekea mkaa juu ya mfuniko!

— Juu? aliuliza Mfaume.

— Juu na chini. Moto pande zote.

— Hiyo mnaiona mpya nyinyi wa shamba, alidakia Mshamu.

Mshamu waliyemwita Dasalama aliwahi kukaa Dar es Salaam, kama mwaka hivi, na akarudi na miwani ya jua ambayo hakuivua hata mvua inyeshe.

— Hiyo ndiyo oveni ya kienyeji. Anaoka mkate wa kumimina. Mshikaji anafungua hoteli huyo! Siku hizi biashara huria. Kachukua ofu leo, anawafanyia familia majaribio. Wasipoharisha, kesho anatundika kibao.

— Hoteli gani? alisema Mfaume. Huyo kalishwa limbwata. Mwanamume hashiki mwiko kwa akili zake.

— Koma, Mfaume! Saadi alimkata. Swaumu hana mambo hayo. Namjua kuliko anavyojijua mwenyewe. Tangu anatambaa kule Ngorongo nimemlea mimi.

— Basi mimi niwaambie, alisema Redio, akashusha sauti, na wote wakainama kumfuata. Haya ni masharti ya mikopo. Wakubwa wa ng'ambo wamesema: mkitaka hela zetu, fungueni kila kitu. Tukafungua maduka. Tukafungua mipaka, ikaingia mitumba. Sasa zamu ya jikoni. Shilingi imeshushwa, na mwanamume naye anashushwa. Anaanza dereva, kesho karani, keshokutwa wewe Dasalama na miwani yako unakuna nazi!

Walicheka mpaka fundi wa tairi akachungulia bandani. Saadi naye alicheka, lakini alichelewa kuanza na akawahi kumaliza. Redio alimwona.

— Saadi, tuache mzaha. Mke kukaa barazani asubuhi, moto kashika mume, maana yake nini? Kasusa. Au kasusiwa. Hiyo ni talaka, bwana, bado kutamkwa tu.

— Wamekuwa wakigombana? aliuliza Mfaume.

— Sijasikia, alisema Saadi.

— Si unamjua kuliko anavyojijua?

Saadi akatazama tena barazani. Kichwani alikuwa ameshaanza kupanga. Nyumba yake vyumba viwili. Swaumu na wanawe wanne angewalaza wapi? Chumba cha cherehani. Cherehani angeihamishia wapi? Na wangekula nini, wakati yeye mwenyewe siku hizi anashona viraka tu? Lakini angefanyaje? Baba yao alikwishafariki, yeye ndiye aliyekuwa walii wa Swaumu siku ya ndoa. Ni mkono huu huu ulioshikana na mkono wa Abdulazizi mbele ya shehe.

— Mimi ningekuwa wewe, alisema Dasalama, ningevuka sasa hivi. Namwambia, shemeji, kama umemchoka, nirudishie kwa heshima. Kabla mtaa haujajua.

— Mtaa unajua, alisema Redio. Mimi hapa nimeshajua.

Saadi akaweka kikombe chini, akavaa kofia vizuri, akasimama. Maneno aliyapanga mdomoni: kama umemchoka. Alipoinua mguu kuvuka, mlango wa ng'ambo ukafunguka, na Abdulazizi akatoka, kanga kiunoni, unga kwenye ndevu, mwiko mkononi kama rungu. Akavuka barabara, moja kwa moja mpaka kijiweni. Redio akasogea nyuma ya birika la Mfaume.

— Shemeji, nilikuwa nakuja kwako, alisema Abdulazizi.

— Na mimi nakuja kwako, alisema Saadi.

— Afadhali. Hebu nisaidie. Swaumu anapenda kula nini?

Redio akachungulia kutoka nyuma ya birika.

— Unasemaje?

— Nina ofu leo. Nimemwambia, mke wangu, leo kaa, usishike kitu, nakupikia mimi. Kupika najua. Pantoni ikikwama pale mtoni Ndundu siku mbili, sisi madereva tunapika chini ya lori, na tunasaza. Nikamuuliza unataka nini, akasema chochote. Nimeoka mkate wa kumimina, akasema mtamu, akawagawia watoto. Nikachoma samaki, akasema mtamu, akamwekea mama yangu. Kila nikimpa, anapitisha! Utingo wangu tumesafiri naye mwaka mmoja tu, na najua: kichwa cha samaki na pilipili mbichi. Mke wangu simjui. Nikasema, kaka yake ndiye atajua.

Saadi akafungua mdomo. Akairudia Ngorongo yote kichwani: sinia la wanaume barazani, baba, wajomba, yeye. Swaumu mdogo akija na kopo la maji, wakinawa, akiondoka. Mlango wa uani ukifungwa. Nyuma ya mlango wanawake wanakula. Wanakula nini? Aliiona mikono ya mdogo wake ikitenga, ikipakua, ikiosha vyombo. Mdomo wake ukitafuna, hakuuona.

— Wali, alisema.

— Wali gani?

— Wali... wa kawaida.

— Na kitoweo?

— Samaki. Samaki yeyote.

— Hiyo si ndiyo chochote yenyewe, shemeji?

Abdulazizi akawageukia wengine.

— Redio, wewe wa kwako anapenda nini?

— Wa kwangu? Anapenda... anapenda nikishiba.

— Dasalama?

— Wa kwangu chipsi! Nilimnunulia Dar.

— Akala?

Dasalama akavua miwani, akaifuta.

— Akawapa watoto.

Hakuna aliyecheka. Mfaume, aliyekuwa anajaza kikombe, alimimina mpaka kahawa ikamwagikia miguuni, na hakusema "aa!" mpaka ilipomuunguza. Harufu ya kitu kinachoungua ikavuka barabara nayo.

— Mkate wangu wa pili! alipiga kelele Abdulazizi, akakimbia, kanga ikipepea.

Saadi akabaki amesimama. Maneno yake ya talaka hayakuwa na pa kwenda. Mwishowe naye akavuka.

— Shikamoo kaka, alisema Swaumu, akikusanya miguu.

— Marahaba. Nyoosha miguu, nyoosha. Nimekuja kukuuliza. Unapenda kula nini?

Swaumu akacheka, akajiziba mdomo kwa upande wa kanga.

— Jamani, na wewe? Kakutuma huyo. Chochote tu, kaka.

— Chochote hakiungwi nazi, mama. Ningekuwa mimi nachagua, ningesema ndizi mbivu. Wewe je?

— Mimi?

— Wewe.

Kicheko kikamwishia taratibu. Akatazama vidole vyake, akatazama moshi, akatazama mbali kule barabara inakoteremkia, kama mtu anayetafuta nyumba aliyoambiwa iko hapo hapo.

— Hebu ngoja, alisema. Hebu nifikirie.

Saadi akachuchumaa kwenye kizingiti. Ng'ambo kule, kijiwe kizima kilikuwa kimeinama mbele, gogo limewainukia kwa nyuma.

— Vipi shemeji, anasemaje? Abdulazizi aliuliza kwa sauti kutoka uani. Nibandike nini?

— Punguza moto kwanza, alijibu Saadi. Bado anafikiria.