Kugeuza Baiskeli Kabla ya Misikhu

Wenzangu, hamjambo. Kabla sijaanza naomba mnivumilie kwa jambo moja. Nitaongea nikiwa nimegeukia huku kwa kabati ya vikombe, na nyinyi mlioketi upande wa dirisha mtaona kisogo changu tu. Si maringo. Sababu nitaisema mwisho, kwa maana nikiisema sasa nitapoteza mahali pa kuanzia.

Kiongozi wa kikundi chetu hiki cha waliofiwa aliniambia niseme ukweli, nisipambe. Basi mwaka wa kwanza baada ya mke wangu kufariki, sikuwa nalia. Afadhali ningelia, mngejua. Nilikuwa naenda kazini, pale duka la pembejeo hapa Kitale, nauza mbegu na dawa ya ng'ombe, nasema "karibu", nasema "hiyo utachanganya na maji", halafu narudi nyumbani. Kuna wiki nilikaa nikagundua hayo ndiyo maneno yote yaliyotoka kinywani mwangu tangu Jumatatu. Jioni nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili, kwa sababu mkono ulishazoea kipimo hicho, na unaobaki nawapa kuku. Kuku wangu walinona sana mwaka huo.

Watu walikuja, sikatai. Wiki ya mazishi nyumba ilijaa hadi viti vikaazimwa kanisani. Halafu viti vikarudishwa. Msimu wa kupanda ulikuwa umefika na kila mtu ana shamba lake. Wazazi wangu walihamia huku Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati nikiwa mdogo, na wote wawili wamezikwa hapa. Ndugu yangu mmoja alirudi Nyeri akanyamaza. Mtoto hatukujaliwa. Kwa hivyo waliobaki ni wakwe, kule Misikhu, upande wa Bungoma, na hapo ndipo makosa yangu yalipo.

Wale wa Bungoma mtanisaidia kama nitasema vibaya. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Ni heshima. Kwetu hakuna ukali kama huo, lakini mke wangu alinifundisha, na mimi nikaishika hiyo sheria kuliko wenyewe. Miaka tisa ya ndoa, uso wa mama mkwe siujui. Nilimjua kwa leso.

Sasa mke wangu alipougua, nilimpa vidonge nikidhani ni malaria ya kawaida. Siku tatu nampa vidonge. Siku ya nne ndiyo nilimpeleka hospitali, na hakurudi. Siku ya mazishi mama mkwe alipita mbele yangu akageuza uso. Ndugu zangu, nawaambia, miaka tisa alikuwa anageuza uso nikaita heshima. Siku ile aligeuza vile vile, nikaita hasira. Nilijiambia, ameshajua ulichelewa.

Ilikuwa inatakiwa baada ya mazishi niende Misikhu, nikae chini, niwaambie mtoto wao aliugua vipi na aliendaje. Sikwenda. Mwezi ukaisha, nikaona haya kwenda nimechelewa. Wa pili ukaisha, haya ikaongezeka. Mnajua vile inakuwa.

Siku moja daktari wa hospitali ndogo ya misheni alikuja kubandika tangazo dukani kwetu. Ilikuwa mashindano ya michezo mitatu siku moja: unaogelea bwawani, ukitoka unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Akaniuliza kwa mzaha, "Na wewe je?" Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo mtu kuniuliza kitu ambacho si dawa ya kupe. Nikasema ndiyo.

Nilijaza fomu vizuri mpaka mstari wa mwisho. Umeandikwa: mtu wa kujulishwa ukipatwa na jambo. Kalamu ikasimama hapo. Nikamwambia daktari aandike duka.

"Duka si mtu," akasema. "Nikikutoa kwa maji hujiwezi, nimwambie nani?"

Nikashika kupanga pakiti za mbegu. Akaona, akakunja ile karatasi polepole akanirudishia. "Nitakungoja mpaka wiki ya mwisho. Bila jina sikuachi uingie bwawani."

Nilipoikunjua nikasoma njia ya baiskeli nyuma yake: Kitale mpaka Misikhu, kisha kurudi. Nilitaka kuirarua.

Lakini Jumamosi nikaitoa baiskeli stoo. Ni ile nyeusi nzito yenye keria, na mto alioushona mke wangu ulikuwa bado umefungwa pale nyuma, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitupeleka kanisani. Nilizoea kukanyaga nikiwa nimembeba. Sasa ilikuwa nyepesi, na wepesi huo ulinichosha kuliko mlima wowote. Siku ya kwanza nilifika Kiminini nikarudi, na Jumapili nilisikiliza mahubiri nikiwa nimesimama. Mmoja wenu alidhani nimeokoka upya.

Kulikuwa na mzee wa bodaboda, enzi zile za baiskeli, anayengoja wateja karibu na stendi. Akaniona ninavyotembea akacheka. "Wewe unataka kumaliza barabara siku moja? Ongeza soko moja kwa wiki, bana. Na ukule kabla hujasikia njaa. Njaa ya baiskeli haipigi hodi." Nikafanya vile.

Shida ilikuwa watu. Wakati huo simu hazikuwa kila nyumba. Mtu mzima akionekana anakanyaga mbio asubuhi, peke yake, bila mzigo, anajulikana: anapeleka habari ya kifo. Mama mmoja wa mboga pale Kiminini aliacha sukuma zake akaja barabarani ameshika kichwa. "Ni nani ametuacha?"

"Hakuna, mama."

"Sasa unakimbilia wapi?"

"Nikifika pale mbele nitarudi."

"Pole," akasema, akarudi kwa sukuma zake.

Ikawa hivyo kila soko. Mwishowe nikafunga mtungi mtupu wa lita ishirini juu ya ule mto, nionekane nina safari. Hapo wakaniacha, na kuachwa pia kulikuwa na uchungu wake. Nilikuwa napita watu wanapalilia pamoja, wanaitana, wanacheka, nami nina mtungi usio na kitu. Nikifika pa kugeuzia nakaa kwa daraja dogo, nakula mahindi ya kuchemsha peke yangu, naangalia barabara inayoendelea. Nilikuwa mpweke, wenzangu. Sina neno lingine.

Nikafika Kamukuywa, nikageuza. Wiki ile nyingine nikapita Kamukuywa kidogo, nikageuza. Halafu nikafika mteremko ambao ukiumaliza unaanza kuona mabati ya kwao. Halafu posho mill, pale pa kusagia mahindi, ambayo ukisimama hapo ni kama umesimama kwa geti ya wakwe. Miguu ilikuwa na nguvu ya kuendelea, hiyo nakubali. Niligeuza kwa sababu nyingine.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kurudisha fomu, nilifika tena posho mill. Nikapumua, nikashuka, nikaanza kugeuza. Mwanamke akatoka kwa kivuli cha ile mill akashika usukani. Nilimjua, ni jirani yao, alikuwa akija kwetu mke wangu akiwa hai.

"Leo hugeuzi, shemeji," akasema. "Unaitwa."

Sikubishana. Tulikokota baiskeli mpaka bomani. Akanikalisha kwa kiti kidogo chini ya paa la jikoni, nimeangalia ghala ya mahindi. Nyuma yangu ni ukuta wa udongo wenye tundu la kutoa moshi. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria, halafu sauti, ambayo miaka tisa sikuwahi kuisikia ikiniambia kitu.

"Umekuja kutuambia?"

"Nimekuja, mama."

Nikasema yote. Homa ilianza lini, alikula nini, alisema nini. Nikasema vile vidonge, na zile siku tatu. "Nilichelewa, mama," nikamwambia ghala ya mahindi.

Mwiko ukanyamaza. Nilijua sasa nitafukuzwa.

"Hata mimi ningempa vidonge nikangoja," akasema. "Ni nani hajawahi kungoja homa ipungue? Wewe umebeba hiyo mwaka mzima?"

"Nilidhani una hasira. Siku ya mazishi hukuniangalia."

"Nikuangalie?" Akacheka, na kwa kile kicheko nikasikia mke wangu kabisa. "Ni lini nilikuangalia?"

Halafu akasema kile ambacho kimenileta mbele yenu. "Kula sasa. Nimekuwa nikikupikia tangu ulipofika Kamukuywa."

Sikuelewa. Yule jirani ndiye alinieleza, huku ananiwekea sahani. Watu wa bodaboda walikuwa wakinitambua njiani na kupeleka habari. Kwamba mkwe ameonekana Kiminini. Mkwe ameonekana Kamukuywa. Amefika mteremko, amegeuza. Mama akasema, mwacheni, anakuja polepole. Na kila Jumamosi akapika kuku, akangoja mpaka saa nane, kisha akawaita majirani wamalize.

"Kuku wako tumekula wengi, shemeji," jirani akasema.

Mimi niliyekuwa nikihesabu pa kugeuzia, kumbe kulikuwa na mtu jikoni anahesabu pa kufikia. Nililia hapo, kijiko mkononi, mwaka mzima ukatoka. Hakuna aliyeninyamazisha. Nilipomaliza nikasema, "Mama, kuna karatasi inataka jina la mtu. Wa kujulishwa nikipatwa na jambo."

"Niandike," akasema bila kufikiri. Halafu akaongeza: "Lakini waambie wakija kunijulisha, wasije mbio."

Mashindano nilifanya. Nilikunywa maji mengi ya lile bwawa, na nilikuwa wa tatu kutoka nyuma. Lakini pale Misikhu niligeuza baiskeli bila haya, kwa sababu ndipo pa kugeuzia kila mtu, na jirani alikuwa barabarani na uji kwa chupa.

Namshukuru daktari kwa kukataa duka langu. Namshukuru mzee wa bodaboda na yule jirani aliyeshika usukani. Nawashukuru nyinyi mlionipa kiti hapa bila kuniuliza maswali. Kama nina neno la kuwaachia, ni hili: ukiona mtu amekugeuzia uso, usimsomee moyo wake ukiwa mbali. Nenda. Kama huwezi kufika leo, ongeza soko moja kwa wiki, lakini uwe unaelekea. Na nyinyi mnaowatembelea waliofiwa, bakisheni siku moja ya mwezi wa nne baada ya mazishi, viti vikisharudishwa.

Sasa ile sababu ya kisogo. Hapo nje, kwa benchi chini ya dirisha, kuna mama ameketi na jirani yake. Wametoka Misikhu asubuhi, na amesikia yote niliyosema. Hawezi kuingia nikiwa humu, nami siwezi kugeuka, kwa hivyo tafadhali msimwite bado. Mimi nimemaliza. Nitatoka kwa mlango huu wa nyuma, na nikishatoka mfungulieni ule wa mbele, mumpe hiki kiti changu na kikombe cha kwanza cha chai. Yeye pia amefiwa, na hajapata mahali pa kuongea.