Kikombe cha Buluu cha Mama Marselina Tefa

Mchungaji, wazee wa kanisa, wajomba zetu mliokaa mstari wa mbele, na ninyi nyote mliopanda mlima hadi hapa Oetnana: tumekuja kumzika mama yetu Marselina Tefa, na kabla udongo haujamfunika, maisha yake yatasemwa kama yalivyokuwa. Juzi mjomba wangu, Mzee Lukas Nabuasa, alinitumia ujumbe kwamba wasifu uwe mfupi na yaliyolala yasiamshwe. Ujumbe niliupata. Wasifu umechapishwa mzima, na kila mmoja wenu anao mkononi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Oetnana, katika milima ya Timor, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Daud Tefa na Mama Batseba. Alizaliwa ndani ya nyumba ya duara ya majani na kulazwa karibu na moshi wa kuni kama ilivyo kawaida yetu. Alipenda kujigamba kwamba ndiyo maana hakuogopa moto wala maneno ya watu. La moto ni kweli. Maneno ya watu yalimchoma sana, na walioyasema wamo humu.

Alisoma shule ya msingi Bikauf, akitembea na viatu mkononi ili soli zisiishe. Huko aliwahi kufumaniwa na mwalimu akitafuna tambuu darasani. Kwa hofu akaimeza yote, akagaagaa kwa tumbo hadi jioni. Mwalimu akamwambia, "Wewe utafaa kuuguza watu, maumivu umeshayaonja." Alihitimu uuguzi mjini Kupang mwaka 1972, na mwaka 1974 akapewa kazi katika nyumba ya lishe ya kanisa pale Bikauf.

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Bapa Yunus Sanam, seremala. Hawakujaliwa mtoto wa kuzaa, lakini nyumba yao ilikuwa na vicheko. Bapa Yunus alikuwa akiwalalamikia wageni, "Kwa huyu mwanamke, ukiomba kikombe cha pili cha kahawa unaambiwa ngoja kwanza tuone kama cha kwanza kimekaa." Utani huo ulitokana na kazi yake. Watoto waliokuwa na utapiamlo mkali aliwanywesha maziwa mepesi kwa kikombe kidogo cha buluu alichokitia alama kwa kisu. Aliwapa kidogo, akasubiri, akawapa tena, mchana na usiku. Mtoto akilia kutaka zaidi, alimbembeleza na kumwimbia, lakini alama ya kisu hakuivuka.

Sasa nafika mwaka 1983, ambao mjomba alitaka tuuruke. Mvua ilikuwa imekatika na mahindi yalikauka shambani. Mama Orance, dada yake Mzee Lukas, aliwaleta nyumba ya lishe mapacha wake wa kike, Dorkas na Yakoba, ngozi na mifupa. Yakoba ndiye anayewasomea. Mjomba alikuwa na nguruwe zizini, na watu wakaanza kumsema kwamba watoto wa dada yake wanalelewa na kijiko cha kanisa. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto: bila neno lake mtoto hapewi jina, haolewi wala hazikwi. Aibu ikampanda kichwani, akaja kutuchukua ili atulishe kwa mkono wake mbele ya ukoo.

Marehemu alisimama mlangoni kumzuia. "Kaka Lukas, nakuomba. Mtoto aliyeshinda njaa muda mrefu, mwili wake umejizima karibu wote, hata moyo umelegea. Ukimshindilia wali na mafuta kwa mara moja, chumvi za damu zinavurugika na moyo unashindwa kazi. Niachie kwanza apate nguvu. Nitakuletea mwenyewe kwako, ale mpaka acheke."

"Sista, kuku wangu wanakunywa zaidi ya hicho kikombe chako," mjomba akamjibu. "Na wewe huna mtoto. Uchungu wa mtoto utaujulia wapi?"

"Basi mwulize mama yao."

Mama Orance aliinamisha kichwa na kusema, "Kaka ndiye mwenye kusema." Angesema nini kingine? Mjomba akambeba Dorkas, ambaye aliweza kukaa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimelala na mpira wa kulishia puani. Akanitazama, akasema, "Huyu kashakwisha. Baki naye."

Nguruwe alichinjwa. Dorkas alipewa wali mweupe uliolowa mafuta, na sukari ya mti wa mvumo juu yake. Alikula kwa mikono miwili, na watu wakampigia makofi. Kesho yake miguu na uso vikavimba, mjomba akamzungusha uani akisema, "Mnaona? Ameanza kunenepa!" Marehemu alipopata habari alipanda mlima kwa miguu, akazuiwa kwenye uzio. Alipiga kelele kutoka pale, "Huo si unono, ni maji! Moyo wake unazidiwa, nirudishieni mtoto!" Wakamcheka. Siku iliyofuata Dorkas alianza kuhema kama aliyepanda kilima, na kabla ya mchana akafia mapajani pa mama yake.

Mjomba angeweza kulia kama watu wengine. Badala yake alisimama uwanjani baada ya ibada na kutangaza kwamba Sista Marselina alimnyima mtoto chakula hadi akafika kwao hana la kuokolewa. Watu walimwamini kwa kuwa sahani yake walikuwa wameiona imejaa, na kikombe cha Sista walikuwa wamekiona kidogo. Akina mama wakaja na mbeleko, wakawachukua watoto wao, na wawili kati ya hao wakafa nyumbani kwa kulishwa vivyo hivyo. Nyumba ya lishe ikafungwa. Marehemu akahamishiwa mjini kufua bandeji. Akirudi huku kwenye misiba, hakuna aliyemwekea tambuu ya kumkaribisha mkononi, hata wale aliowanywesha watoto wao. Waliniita mtoto wa mchawi, kwa sababu mimi niliyekwisha sikufa. Mama Orance aliniacha kwa marehemu moja kwa moja, na hadi alipofariki mwaka 1994 hakula tena nyama ya nguruwe.

Mjomba, subiri. Bado kidogo.

Mwaka 1998 ukame ulirudi. Mkewe mjomba, Mama Welmince, ambaye naye ametangulia, alikuja mlango wa nyuma wa nyumba yetu amembeba mjukuu wao Melkior, aliyekonda akabaki macho tu. Akasema, "Dada, Bapa Lukas kasema umpe kwa kile kikombe. Kasema pia tusionekane." Marehemu aliteremsha kikombe rafuni, akachemsha maji. Melkior alikaa kwetu hadi akaweza kukimbiza kuku, na leo ni mmoja wa vijana waliobeba jeneza hili. Ukoo uliambiwa alikuwa ameenda kutembea kwa shangazi. Kwa hiyo mjomba alijua. Alijua, na kwa miaka ishirini na mmoja iliyofuata aliendelea kumwacha mama yangu aitwe muuaji. Hilo ndilo nisilomsamehe.

Marehemu alistaafu mwaka 2006. Bapa Yunus alifariki mwaka 2011. Mwezi Februari mwaka huu marehemu alipata kiharusi, akawa hawezi kumeza vizuri. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilipoharakisha alinishika mkono na kusema kwa ulimi mzito, "Kidogo kidogo, Yakoba. Wewe mwenyewe ulikuzwa hivyo." Alifariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 2019, asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Ameacha dada mmoja, Mama Adolfina Tefa, binti mmoja wa kulea, na wajukuu watatu: Yunus, Batseba na Dorkas. Ameacha pia watu wazima wengi wasiojua kwamba waliwahi kunyweshwa naye.

Baada ya maziko kuna mahindi ya kuchemsha na nyama ya nguruwe kwa kila mtu. Mimi ndiye mfiwa, na kwa desturi sahani ya kwanza, yenye mafuta, ni ya mjomba wangu. Leo sahani hiyo atapewa Melkior. Mjomba amewekewa kikombe cha buluu chenye maziwa mepesi hadi kwenye alama ya kisu, na kijiko. Atakunywa hapa mbele yetu, polepole. Akiomba zaidi, ataambiwa angoje. Mama hakuniagiza hili. Angekuwa hai angeninong'oneza, "Yakoba, mpe mzee chakula." Hili ni langu mimi, na la Dorkas.

Mama Marselina na apumzike kwa amani. Mimi nitapumzika mjomba akishamaliza kikombe.