Papa Nshombo Birindwa, Beki wa Kushoto wa Kadutu

Ndugu na jamaa, Papa Nshombo Birindwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa mzee Masumbuko na mama Rakeli. Alisoma shule ya misheni, akaanza sekondari Bukavu, lakini mpira ulimtoa darasani kabla ya diploma.

Mwaka 1977 alisajiliwa na timu ya Étoile ya Kadutu, mtaa wa Bukavu, kama beki wa kushoto, na mpira ukawa kazi yake. Asubuhi ya fainali ya jimbo, mwaka 1984, goti lake lilikuwa limevimba. Kocha alimwuliza mbele ya wenzake kama ataweza, naye akakubali. Walishinda. Yeye alitolewa uwanjani amebebwa, hakucheza tena.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na mama Adolphine Nsimire. Siku moja, mtoto wao wa kwanza Chimène akiwa amekwisha kuzaliwa, mama Adolphine alimwuliza, "Papa Chimène, kwa nini ulikubali kucheza fainali ile?"

"Bon, wenzangu walikuwa wananiangalia. Ningesema nini?"

Vita viliwakimbiza hadi kambini Tanzania. Juni 2012 walifika Louisville, Marekani, akapata kazi ya ghala, kusimama kutwa juu ya goti lile. Akirudi alikaa kwenye kiti na viatu miguuni, hana nguvu hata ya kuvivua.

Mwaka 2014 walihamia Whitehall, kule Columbus. Gloire, kitinda mimba wake, alikuwa akichezea timu ya vijana, na siku ya fainali alikuwa anachechemea. Papa aliingia uwanjani na fimbo yake, akamwambia kocha, "Huyu hachezi."

Gloire alimjibu kwa Kiingereza kwamba anamwaibisha. Timu ilifungwa, na mtoto akaacha kumsemesha baba yake. Papa alimwambia mama tu, "Donc, anichukie, lakini atembee."

Mwaka 2015 walikuja hapa Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey. Figo zikamwangusha. Gloire ndiye aliyempeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, mwanzoni kimya kimya. Kisha siku moja, wakiwa garini, alisema, "Papa, siku ile nilikuwa naumwa kweli."

"Nilijua," Papa akajibu. Wakapita Grant Street kununua ndagala, dagaa wa kwao.

Alifariki hospitalini tarehe 11 Novemba 2016, mama Adolphine akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto Chimène na Gloire, wajukuu watatu, na dada yake Nyirabagenzi aliyeko Bukavu.

Papa alikuwa amechoka sana. Mungu ampokee, ampe pumziko lake.