Evert Nordvall na Kuta za Tallbacken

Tarehe 31 Agosti mwaka huu, Evert Nordvall anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kujenga nyumba za mbao katika karakana yetu. Ameniomba nisimpambe. Nitajitahidi.

Wengi tunamjua kwa kiganja chake. Asubuhi ya baridi kali huingia nyumba ya watu, akapapasa ukuta, kisha akaonyesha nguzo ya mbao iliyojificha ndani, kwa kuwa ndiyo inayopitisha baridi ya nje. Yeye ndiye aliyetufundisha kukatiza fito juu ya nguzo na kujaza katikati tabaka jingine la pamba ya kuhifadhi joto, baridi ikose njia. Na kahawa yake, jamani, ni nzito, ungeweza kuipaka ukutani ikazuia kuoza.

Lakini wasifu wa Evert hauandikiki bila mtaa wa Tallbacken. Majira ya baridi ya 1985 alijenga huko nyumba kumi na nne. Nailoni hutandazwa upande wa ndani wa ukuta ili mvuke wa jikoni na bafuni usiingie kwenye pamba. Fundi umeme akiitoboa, tundu huzibwa kwa utepe. Baridi ile, gundi ya utepe ilikataa kushika. Evert akasema atarudi kukipata joto. Hakurudi, kazi nyingine zilikuwa zinangoja.

Mwaka 2010 Birgit Åslund, mkazi wa mtaa huo, alituita: ukungu mweusi nyuma ya kitanda cha bintiye, na mtoto anapumua kwa shida. Tulipobandua ukuta, mbao zilimeguka kama mkate uliolowa. Kwetu, fundi huandika jina lake kwenye nguzo kabla ya kufunga ukuta. Nguzo moja ilikuwa bado nzima, na penseli ilisomeka: E. Nordvall, 12 Februari 1985.

Nilimwambia, "Mzee, wa kulaumiwa ni yule fundi umeme."

"Acha hayo, Kerstin. Unaona jina la nani hapo?"

Tangu siku hiyo hakuandika tena jina lake kwenye ukuta wowote. Kila likizo ya kiangazi alifungua nyumba moja ya mtaa ule, akatoa mbao zilizooza, akaziba kila tundu. Alimaliza kumi na tatu. Ya kumi na nne ni ya Ragnar Holmkvist, ambaye mkewe, Ingegerd, alifariki kwa maradhi ya mapafu. Hakuna daktari aliyesema ni ukuta, na hakuna aliyesema siyo. Ragnar alimfukuza mlangoni mara tatu. "Umechelewa, bwana. Nenda zako." Evert alirudi garini, niliyelia ni mimi.

Mwezi huu Ragnar alikuja mwenyewe karakanani. "Nasikia unastaafu. Basi njoo umalize."

Tulifungua ukuta wa chumba cha kulala. Ulikuwa umeoza kuliko zote, hasa upande aliokuwa akilala Ingegerd. Evert aliupapasa upande ule kwa kiganja. Kisha akaanza kazi, na ilimchukua siku nne.

Kabla hatujafunga, Ragnar aliomba penseli. Akaandika jina la mkewe kwenye nguzo mpya, kisha akampa Evert ile penseli. "Na lako. Ukuta ukioza tena, nijue nimwite nani."

Evert aliipokea, akaandika jina lake.

Tunakushukuru, Evert. Mapumziko yako yawe marefu, makavu na yenye joto. Na kiangazi kijacho, tafadhali, kaa nyumbani.