Mkutubi Aliyeanzia Somo Mwishoni

Marehemu, ambaye wengi tulimjua kwa jina la utani la Mwisho-Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Alijifunza kusoma chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye magazeti ambayo baba yake aliyageuza kuwa violezo vya mashati. “Huyu ataniponza nishone shati la mkono mmoja,” baba alilalamika, akingoja binti amalize ukurasa.

Baada ya sekondari ya bweni alipata stashahada ya ukutubi, na Januari 1981 akaajiriwa kwenye maktaba ya chuo cha uuguzi. Hapo alifanya kazi hadi kustaafu mwaka 2018.

Mwanzoni aliwafundisha wanafunzi wapya kama alivyofundishwa yeye: aliwazungusha rafu hadi rafu, akawaeleza namba za vitabu, akawaaga. Asubuhi moja mwanafunzi mmoja alirudi mezani kwake na vitabu viwili vilivyotaja dozi mbili tofauti za dawa ileile kwa mtoto mchanga.

“Mwanangu, si nilikufundisha juzi tu?”

“Ulinionyesha vilipo, mama. Hukunionyesha jinsi ya kujua kipi cha kuamini.”

Somo lililofuata marehemu alilipanga kinyumenyume. Kwanza alijiuliza wanafunzi wakitoka mlangoni waweze kufanya nini. Kisha akatunga zoezi la kumhakikishia kwamba wanaweza. Mafundisho yakaja mwisho. Ziara ya rafu ikaondolewa.

“Somo gani hili lisiloonyesha hata majarida?” mkuu wa maktaba alifoka, akampa muhula mmoja wa kulijaribu.

Muhula ulipokwisha, mkuu alikuja kukaa nyuma ya darasa. Katika zoezi, nusu ya wanafunzi walichagua kitabu kilichopitwa na wakati. Marehemu hakuwalaumu. “Somo ndilo halijafika,” alisema, akalisuka upya.

“Mwacheni aendelee,” mkuu akaamua. “Mimi miaka yote sikuwahi kujua kama langu linafika.”

Tarehe 12 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi wa kujalidi vitabu. Mume anasimulia kwamba kabla ya kumkubali, marehemu alimhoji: “Tukizeeka, unataka tuwe tunafanya nini?” Akajibu, “Tuwe tunacheka.” Hakuulizwa swali la pili.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alimuuliza daktari, “Tukimaliza matibabu haya, nitaweza nini?” Daktari hakumficha: angeongeza miezi, mingi akiwa kitandani. Akachagua dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alipinga vikali. Wakanuniana, kisha binti akahamia kwa mama yake kumuuguza. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wakwe, wajukuu watano na mdogo wake wa kike. Binti mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, hajakubaliana na uamuzi ule hadi leo. Anamzika mama yake akiwa bado anambishia.

Alale kwa amani, mama yetu.